Kijino cha Bastola ya Upepo

Watu wakisikia bastola ya upepo wanacheka. Wanadhani ni kitu cha watoto, kama ile ya plastiki inayorusha maji. Mimi pia niliicheka siku ilipowekwa kwenye meza yangu, na kicheko kile kinanichoma mpaka leo.

Mimi ni fundi. Kibanda changu kiko Bariadi mjini, karibu na soko, na ninatengeneza vitu vyenye springi na pampu: bomba za kupulizia dawa ya pamba, pampu za baiskeli, cherehani, kufuli, mizani. Kazi hii alinifundisha baba, aliyekuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha kuchambua pamba. Kaka yangu hakupenda grisi. Mimi niliipenda. Nimeifanya zaidi ya miaka ishirini, na bado haipiti wiki bila mtu kusimama mlangoni, akanitazama, akachungulia nyuma yangu kama kuna mwingine amejificha kwenye vyuma, kisha akauliza, "Fundi yupo?"

Bwana yule naye aliuliza hivyohivyo. Alikuwa ofisa wa serikali aliyehamishiwa kwetu kutoka mkoa wa mbali, mtu wa shati lililonyooka na maneno ya pole. Nilipomwambia fundi ni mimi, akasema, "Aa, samahani, mama," akakaa kwenye kiti cha wateja, akatoa bahasha ya kaki kwenye mkoba. Ndani mlikuwa na bastola nyeusi, nzito kuliko nilivyotarajia, na nakala ya kibali chake kutoka polisi.

Alikuwa amekodi mashamba ya mpunga Shishiyu, upande wa Maswa. Mpunga ulikuwa umeanza kujaza, na kweleakwelea walikuwa wameshaujua. Rafiki yake alimpa bastola ile imsaidie.

"Haina nguvu," akaniambia. "Nikipiga kopo, risasi inadunda. Iongezee nguvu, mama."

"Mkuu," nikamwambia, "hao ndege wanakuja maelfu kwa maelfu. Hii inapiga mmoja, halafu unaanza kuikunja upya. Utawamaliza lini?"

"Mmoja akianguka wenzake watajifunza."

Hapo ndipo nilipocheka. Naye akacheka. Tukaelewana bei, akaniachia.

Nilimaliza kwanza bomba za watu, kisha nikaifungua. Msomaji ambaye hajawahi kuiona kwa ndani, nitamweleza kwa maneno machache, maana bila hayo hataelewa kwa nini nina hasira. Ndani yake kuna silinda, na ndani ya silinda kuna pistoni inayosukumwa na springi, kama pampu ya baiskeli iliyofungwa kinyume. Unaushika mtutu, unaukunja kuelekea chini. Mtutu wenyewe ndio wenzo: ukiukunja, unarudisha pistoni nyuma na kuibana springi, mpaka kijino kidogo cha chuma kinainasa pistoni isirudi. Sasa mtutu umekaa wazi, umevunjika kiunoni. Unachukua risasi, kitu kidogo kama punje ya mtama, unaisukuma kwa kidole gumba kwenye tundu la nyuma ya mtutu. Unaunyoosha mtutu. Ukivuta kifyatulio, kijino kinaachia, pistoni inakimbia mbele, upepo unaitoa risasi.

Angalia kidole gumba kilipo wakati springi imebanwa. Kiko katikati ya vyuma viwili. Kinachokilinda ni kijino kile tu.

Mimi wakati huo sikuangalia kijino. Niliangalia nguvu, kwa sababu nguvu ndiyo niliyoombwa. Nikaona kwa nini haikuwa nayo. Pistoni ilivaa kofia ya plastiki ngumu isiyogusa kuta za silinda vizuri, upepo ukivuja pembeni. Kiraba cha pale mtutu unapokutana na silinda kilikuwa kimekauka na kupasuka. Ncha za springi zilikuwa zimekatwa na kuachwa hivyo, zina makali, zinakwaruza kila zinapozunguka. Yote hayo nayajua. Bomba la dawa lina magonjwa hayohayo. Nikakata kofia mpya kwenye ngozi ya ng'ombe, nikailoweka kwenye mafuta, nikaikandamiza mpaka ikajaa silinda sawasawa. Nikatengeneza kiraba kipya kwa mpira wa tyubu. Nikazisugua ncha za springi mpaka zikateleza kama kioo. Na nyuma ya springi nikaweka washa mbili za chuma, vile visahani vyenye tundu katikati, ili ibanwe zaidi.

Washa mbili. Hakuna aliyenishika mkono. Niliziweka mwenyewe, na nilijisikia vizuri kuziweka.

Nikalipiga kopo la maziwa ya unga kutoka mlangoni. Risasi ikaingia upande mmoja, ikatoka upande wa pili. Muuza nyanya wa jirani akapiga kelele, "Mayu, mama we, unataka kutuua?" Nikacheka tena.

Jumla nadhani niliikunja mara kumi na kitu siku ile. Kwa mazoea ya kazi, kila ninapojaribu kitu chenye springi huwa nachomeka kijiti mahali pa kidole changu. Baba alikuwa na vidole vinane, na hiyo ilinitosha kujifunza. Nilikuwa nimeukunja mtutu, nimechomeka kijiti, ninanyoosha mkono kuchukua risasi, mtutu ukarudi wenyewe. Paa! Sikugusa kifyatulio. Kijiti kilikatika, kipande kikarukia kwenye cherehani.

Nikakaa. Nikaifungua tena, safari hii nikaangalia mahali nilipopaswa kuanzia. Kijino kilikuwa cha bati lililogongwa kwa mashine, laini hata tupa inakila bila kulalamika. Kilichokuwa kikiingia kwenye pistoni ni ukingo mwembamba kama ukucha, nao ulikuwa umeanza kulala upande. Hakukuwa na kitu kingine chochote cha kuushika mtutu ukiwa wazi. Komeo la pili halikuwepo. Aliyeichora bastola ile aliketi mezani akaweka nguvu yote ya springi kwenye ukingo wa ukucha, na mbele yake akaweka kidole cha mtu, akaona ni sawa. Nilimtukana kwa Kisukuma, huko aliko. Sikujua ni nani wala anaishi wapi, ila nilijua kitu kimoja: kidole chake hakikuwemo kwenye mpango.

Na mimi nilikuwa nimeiongezea springi nguvu juu ya ukucha uleule.

Nikampigia simu bwana yule. Nikamwambia bado, kuna tatizo, nataka kuchonga kijino kipya kwa chuma cha springi ya gari, nikichome moto na kukizimisha kwenye mafuta kiwe kigumu. Siku tatu. Akaja kesho yake jioni.

"Nimesikia inapiga vizuri," akasema.

"Inapiga. Lakini inaweza kufyatuka yenyewe ikiwa wazi. Itakata kidole. Niachie siku tatu."

"Kesho nakwenda shamba, mama. Siku tatu ndege watakuwa wamemaliza."

"Basi nitoe hizi washa, irudi kama ilivyokuwa."

"Hapana, hapana. Ndiyo nguvu niliyoitaka. Mimi ni mtu mzima, nitakuwa mwangalifu."

"Usiuachie mtutu hata kidogo unapoweka risasi. Ushike kwa mkono wa pili, kwa nguvu zote."

"Sawa, fundi," akasema. Ilikuwa mara ya kwanza kuniita fundi. Nadhani neno lile lilinilainisha. Nikampa.

Nimelirudia tukio hili mara nyingi kichwani, na kila mara naona mikono yangu ikiifunga bastola kwenye bahasha ile ya kaki. Ningeweza kuitoa springi. Ningeitoa ningempa chuma kitupu, agombe anavyotaka. Sikuitoa.

Siku kama kumi zikapita. Nikiwa nashona mkanda wa bomba, simu ikaita. Ni yeye.

"Mama, ile bastola uliyoiharibu imemkata mtu kidole."

Uliyoiharibu. Nililisikia neno hilo kabla ya kusikia kidole. Naungama hivyo.

"Amekatwa nani?" nikauliza.

"Mama anayenifukuzia ndege shambani."

"Ulimpa?"

"Mimi siwezi kukaa shamba kila siku, nina kazi."

Nilifunga kibanda, nikapanda gari la Maswa, kisha bodaboda mpaka Shishiyu. Njia nzima nilikuwa nagombana na ofisa kichwani, na nilikuwa nashinda. Kisha nikafika nyumbani kwa yule mama.

Alikuwa mdogo kuliko mimi, mzaliwa wa Ipililo aliyeolewa Shishiyu, Mkatoliki, rozari shingoni. Alikuwa ameketi kwenye mkeka anachambua maharage kwa mkono wa kushoto. Wa kulia umefungwa bandeji nene, ameuweka juu ya goti kama mtoto wa mtu mwingine aliyeachiwa amwangalie.

"Mwadila, mayu," nikamsalimu. "Mhola?"

"Mhola duhu," akajibu. Ndivyo tunavyojibu, ni salama tu, hata kama nyumba inaungua.

Nikajitambulisha. Akaacha kuchambua.

"Wewe ndiye fundi?"

"Ndiyo mimi."

"Walisema fundi ameiharibu. Nilidhani ni mwanaume."

Akanieleza. Bosi alimwonyesha mara moja: kunja, weka, nyoosha, fyatua. Akamwachia risasi kwenye kikopo. Siku mbili zilikwenda vizuri, akaua ndege wanne, huku maelfu wakiendelea kula mpunga nyuma yake. Siku ya tatu asubuhi akaukunja mtutu, akaweka risasi, akaisukuma kwa kidole kwa sababu ilikuwa inakwama. Anasema hakusikia maumivu kwanza. Alisikia sauti, akadhani amepiga. Kisha akaona kipande cha kidole chake kwenye majani ya mpunga, na ukucha wake.

"Alikwambia ushike mtutu kwa mkono wa pili?"

"Hapana."

"Alikwambia kijino kinateleza?"

"Kijino gani?"

Akanitazama usoni muda mrefu. Hakuwa mtu wa kukwepa macho.

"Wewe ulijua?"

"Nilijua. Nilimwambia yeye."

"Kidole kilikuwa changu," akasema.

Akarudi kwenye maharage yake. Mimi nilikuwa nimekuja na sukari na sabuni, nikaviweka mlangoni, nikaondoka. Sikusema wabeja, asante yetu, sikusema pole ya maana. Kwenye bodaboda nililia, na dereva akadhani ni vumbi.

Wiki iliyofuata tuliitwa ofisi ya kata. Mume wa yule mama ndiye aliyepeleka malalamiko. Tulikuwa sisi watu saba: mtendaji wa kata, kijana mwenye kompyuta asiyoitumia, yule ofisa, yule mama na mume wake, mimi, na kaka yangu. Nilishangaa kumwona kaka. Analima pamba Migato, hana habari na bastola wala bomba.

"Nimemwita awe shahidi wa upande wako," mtendaji akanieleza, "ili tukielewana awepo wa kuelewana naye."

"Mimi nipo," nikasema.

"Ndiyo, mama, lakini si unajua."

Nilijua. Nikaikalia hasira hiyo, maana kulikuwa na kubwa kuliko hiyo.

Ofisa akaanza. Alizungumza vizuri. Alisema yeye alikuwa na kifaa kizima ambacho kasoro yake ilikuwa nguvu ndogo tu. Akakikabidhi kwa fundi kwa nia njema. Fundi akakifungua na kuweka vitu visivyo vya kiwandani. Na matokeo ndiyo haya. Akampa pole yule mama. Akasema gharama za hospitali amezilipa kwa ubinadamu, si kwa kosa. Mtendaji alikuwa akitikisa kichwa kukubali kila nukta.

"Fundi, unasemaje?"

"Naomba hiyo bastola," nikasema. "Na naomba bua la mtama."

Wakatazamana. Mume wa yule mama akatoka, akarudi na bua kavu kutoka uani. Bastola ilikuwa mezani kwenye bahasha ileile, sasa ina doa la damu. Nikaikagua, haikuwa na risasi. Nikaukunja mtutu, nikauacha wazi, nikachomeka bua pale kidole kinapokaa. Nikatikisa. Ikashika. Nikaifyatua ukutani, nikaanza upya. Mara ya pili ikashika. Mara ya tatu ikashika, na ofisa akaguna. Mara ya nne nilikuwa sijamaliza hata kuchomeka vizuri. Paa! Bua likakatika, kipande kikaanguka kwenye faili la mtendaji. Yule mama aliruka kwenye benchi, akaukumbatia mkono wake. Hilo sikulifikiria kabla. Nilikuwa nataka kushinda, nikamsikilizisha sauti ile mara ya pili.

"Hiki ndicho nilichomweleza," nikasema. "Nilimwambia jioni ile, kibandani kwangu, itakata kidole. Nikaomba siku tatu. Akasema ndege hawasubiri. Mwulizeni kama nadanganya."

Mtendaji akamgeukia. Ofisa akairekebisha saa yake mkononi.

"Alisema kitu kama hicho," akajibu. "Lakini washa ni zake. Mwulizeni nani aliongeza nguvu."

"Mimi," nikasema. "Niliongeza mimi. Kijino kilikuwa kibovu tangu kiwandani, na kingeteleza hata bila mimi. Ila kisingemkata mfupa. Ngozi kingeikata, mfupa nimeukata mimi na washa zangu. Nimesema. Sasa na wewe sema lako. Sema ulijua, ukampa mwenzako aweke kidole mahali ambapo wewe uliambiwa usiweke chako."

Akamgeukia mtendaji. Kaka akaninong'oneza kwa Kisukuma nipunguze sauti. Sikupunguza. Nilisema mengine ambayo sitayaandika, na mume wa yule mama akaanza kusema yake, mpaka mtendaji akagonga meza.

Uamuzi wake ulikuwa huu: bastola ipelekwe polisi, bwana mkubwa aendelee na gharama za dawa na ampe yule mama magunia mawili ya mpunga baada ya mavuno, mengine tukayamalize kwa mazungumzo. Kabla sijawakabidhi nikaomba bisibisi, nikaifungua palepale juu ya meza, nikatoa springi na washa zangu mbili, nikawapa mwili wake. Hakuna aliyenizuia.

Nje, chini ya ukuta, ofisa alikuja kuomba radhi. Nilimwona anakuja nikajiandaa kumjibu. Akanipita. Akamshika kaka yangu mkono kwa mikono yake miwili.

"Kaka, tusameheane," akamwambia. "Dada yetu ni fundi mzuri, ila ana hasira. Ni mambo ya kibinadamu tu."

Na kaka yangu, ambaye hajui springi ina ncha ngapi, akamwambia, "Yameisha, mkuu."

Yameisha! Sikuzungumza na kaka miezi miwili. Mke wake alikuja kutusuluhisha na kuku mikononi. Nilimpokea yeye na kuku, kaka nikamwambia kwenye simu kwamba siku nyingine akisamehe kitu, asamehe cha kwake.

Msimu uliofuata nilipata habari iliyonipandisha damu kuliko yote. Yule mama alikuwa amerudi kwa bwana yuleyule. Shamba lilelile, ndege walewale. Nikaenda Shishiyu Jumamosi moja, sikuitwa na mtu. Nilimkuta kwenye tuta, ameshika kamba iliyofungwa makopo, anaivuta kwa kuizungusha kwenye kiganja kwa sababu kidole gumba hakishiki. Kilikuwa kimepona na kubaki kifupi, kinang'aa nchani.

"Umerudi kwake?" nikamwuliza. Nilisahau hata salamu.

"Mashamba yanayoajiri wafukuza ndege ni mangapi hapa?" akajibu. "Alileta magunia yake mawili. Tumekula."

"Hajakuomba radhi."

"Hajaniomba. Wewe umeniomba?"

Sikuwa nimemwomba. Mwaka mzima nilikuwa nimemkasirikia ofisa, nimemkasirikia mtendaji, kaka, mchoraji wa bastola asiyejulikana, na mimi mwenyewe. Nilikuwa nimekasirika kwa niaba yake kila siku, na nilidhani ni malipo.

"Nisamehe," nikamwambia. "Nilipaswa kuitoa springi. Nilimpa kwa sababu aliniita fundi."

Wingu la kweleakwelea lilishuka upande wa pili wa shamba, akaivuta kamba mara tatu, makopo yakalia, wakanyanyuka kama moshi na kutua mbele kidogo.

"Nimesikia," akasema. Hakusema amesamehe, na sikuwa na haki ya kumwuliza tena. "Kuchuma pamba ndiko kunakonisumbua. Naichuma kwa vidole hivi viwili, inachelewa. Mume wangu analalamika."

"Mwambie aje kwangu alalamike."

Hapo alicheka kidogo, kwa mara ya kwanza. Kisha akanyoosha mkono wake mzima kuelekea mwisho wa tuta.

"Kama umekuja kusimama, simama kule. Wanaingilia kule, na mimi siwezi kuwa pande mbili. Piga kelele. Wewe kelele unazo."

Nikaenda nikasimama kule. Nikapiga kelele mpaka saa saba mchana, nikiwatukana ndege kwa majina yote niliyokuwa nimewawekea watu, mpaka sauti ikanikauka.